Shaba Haijui Sukari

Nikiwa kidato cha tatu niliandika kwenye daftari la maabara sentensi ambayo mpaka leo wenzangu wananicheka nayo: "Sukari ya dukani haina sukari." Sikuwa natania. Mwalimu alikuwa ametugawia vikombe vinne: maji ya asali, juisi ya chungwa, uji mwepesi wa muhogo, na sukari nyeupe ya dukani iliyoyeyushwa kwenye maji. Kazi yenyewe karibu kila aliyesoma baiolojia ya sekondari Tanzania au Kenya anaijua. Unamimina kidogo kwenye neli ya majaribio, unaongeza myeyusho wa Benedict wenye rangi ya bluu, unatumbukiza neli kwenye maji yanayochemka, unasubiri. Asali ikapita kijani, ikapita njano, ikatulia kwenye wekundu wa tofali. Juisi nayo ikabadilika. Muhogo kimya. Na ile sukari ya dukani, ile tunayotia kwenye chai, ikabaki bluu kama ilivyoingia.

Nikaosha neli, nikarudia. Bluu. Jirani yangu akaninong'oneza, "Wewe andika nyekundu tu, sukari si sukari?" Sikumsikiliza, nikaandika nilichokiona, nikakosa alama. Sasa hivi mimi ndiye ninayesimamia mazoezi ya maabara ya mwaka wa kwanza, na kila mwaka kuna mtu anakuja na neli ya bluu mkononi na uso wa mtu aliyetapeliwa. Makala haya ni kwa ajili yake. Jibu fupi ni kwamba myeyusho ule haujui sukari ni nini. Jibu refu lina mikojo mingi, mbwa, ini lililooshwa, na watu waliotibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Tuanze na mikojo. Mpaka leo utasikia mtu akisema kwamba sisimizi wakijaa pale alipokojoa mtu, mtu huyo akapimwe kisukari. Si uvumi wa juzi. Matabibu wa Uhindi wa kale waliuita ugonjwa huo kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali, na sisimizi walikuwa sehemu ya ushahidi wao. Huko Uingereza, Thomas Willis aliandika katika karne ya 17 kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu. Ndiyo, alionja. Kwa muda mrefu ulimi ndio ulikuwa kifaa cha maabara. Mwaka 1776 daktari Matthew Dobson wa Liverpool alichapisha hatua iliyofuata: alichemsha mkojo wa mgonjwa mpaka maji yote yakaisha, akabaki na kitu cheupe kilichofanana na sukari kwa harufu na ladha. Alionyesha pia kwamba damu ya mgonjwa ilikuwa na utamu. Mwaka 1815 Michel Chevreul, kule Ufaransa, akatambua kwamba sukari ya wagonjwa hawa ni ileile inayopatikana kwenye zabibu. Leo tunaiita glukosi.

Lakini kuchemsha mkojo mpaka ukauke si kazi ya kumfanyia kila mgonjwa anayebisha hodi. Alihitajika mtu wa kupata ishara ya haraka, na aliyeipata hakuwa akifikiria wagonjwa hasa. Mwaka 1841 mkemia Mjerumani Carl Trommer alikuwa akitafuta namna ya kutofautisha vitu vinne vinavyofanana: gundi ya miti, dekstrini, sukari ya zabibu, na sukari ya miwa. Alichukua mrututu, yaani salfeti ya shaba, ule unga wa bluu ambao wakulima wa kahawa wanaufahamu kwa kupulizia dhidi ya ukungu. Akauchanganya na alkali kali na kitu alichotaka kukipima, akapasha moto. Sukari ya zabibu ilitoa mashapo mekundu haraka. Sukari ya miwa haikufanya hivyo.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kile nilichokosea alama kidato cha tatu ndicho Trommer alichochapisha mwaka 1841. Kipimo hiki tangu kuzaliwa kwake kilikuwa na kazi ya kutenganisha sukari na sukari.

Kwa nini? Hebu tuingie ndani ya neli kidogo. Shaba iliyoyeyuka kwenye maji ina chaji mbili chanya, na hiyo ndiyo inayoleta bluu. Ikipewa elektroni moja, inabaki na chaji moja, na katika alkali ya moto shaba ya namna hiyo haikai kwenye maji. Inaungana na oksijeni, inatuama chini kama oksidi nyekundu. Kwa hiyo swali lote ni nani anatoa elektroni. Molekuli ya glukosi muda mwingi imejikunja kama pete, lakini pete hiyo hufunguka na kujifunga tena bila kuchoka. Wakati wowote ule ukichungulia, iliyofunguka ni chini ya asilimia 1, lakini inatosha, kwa sababu ile iliyofunguka ina kichwa cha aldehaidi kinachotoa elektroni kwa ukarimu. Ikishatumika, nyingine inafunguka kuchukua nafasi yake. Sukari ya dukani, sukrosi, ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, tena zimeshikana palepale kwenye sehemu ambayo kila moja ingefungukia. Ni kama watu wawili waliofungwa pingu mikono yote. Elektroni hazitoki, shaba inabaki bluu. Ukiichemsha kwanza na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, pingu inakatika. Ukiondoa ule ukali kwa magadi kisha ukapima, nyekundu hiyo hapo.

Ndiyo maana wakemia wanaziita sukari za aina ya kwanza sukari punguzi. Jina hili huwapoteza watu wengi, nilishawahi kuulizwa kama zinapunguza sukari mwilini! Kinachopunguzwa ni chaji ya shaba, kutoka mbili hadi moja, basi. Na zile rangi za kijani na njano tulizokaririshwa si vitu tofauti. Kijani ni mashapo machache ya manjano yakionekana ndani ya bluu ambayo bado imebaki. Bluu ikishaisha yote, tofali linaonekana wazi.

Kipimo cha Trommer kilikuwa na tabia mbaya. Shaba ndani ya alkali hupenda kutuama yenyewe hata kabla ya kupimwa, na ukiichemsha inageuka nyeusi. Sasa wekundu kidogo utauonaje ndani ya weusi? Mwaka 1844 Mfaransa Charles-Louis Barreswil alitumia tartrati, chumvi inayotokana na mashapo ya mapipa ya mvinyo, ambayo huishika shaba isizame mpaka sukari ifike. Miaka mitano baadaye, 1849, Hermann Fehling wa Stuttgart alichapisha myeyusho wake wa tartrati uliopimwa vizuri kiasi kwamba ungeweza kuhesabu: mililita 10 za myeyusho wake zinamalizwa na takriban gramu 0.05 za glukosi. Viwanda vya sukari na watengeneza mvinyo wakaupenda, na jina la Fehling likabaki vitabuni. Jina la Barreswil nani analijua? Mimi mwenyewe nimelijua nikiwa chuoni, na naona si haki, kwa sababu ya kilichofanywa na myeyusho wake.

Rafiki wa Barreswil alikuwa Claude Bernard, mwanafiziolojia wa Paris. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba mimea ndiyo hutengeneza sukari, na wanyama kazi yao ni kuila na kuiteketeza. Bernard alitaka kujua sukari inateketezwa wapi mwilini. Akalisha mbwa nyama tupu, akapima damu sehemu mbalimbali. Damu iliyokuwa ikitoka kwenye ini iligeuza shaba. Sukari imetoka wapi na mbwa hajala sukari? Mwaka 1848 yeye na Barreswil wakatangaza kwamba ini lenyewe lina sukari. Bernard hakuiamini shaba peke yake. Alitumia pia hamira, kwa kuwa sukari ya kweli hupanda povu ikichachuka. Weka hiyo hamira akilini, tutaihitaji.

Kisha lile jaribio ambalo kwangu ni mojawapo ya mazuri kuliko yote katika historia ya baiolojia. Mwaka 1855 Bernard alichukua ini lililotolewa mwilini, akapitisha maji kwenye mishipa yake mpaka maji yaliyotoka hayakuwa na sukari tena. Akaliacha. Kesho yake akapima: sukari imerudi. Ini lililokatwa na kuoshwa lilikuwa na ghala ndani yake. Mwaka 1857 akaitenga bidhaa ya ghala hilo, glikojeni. Maarifa yetu kwamba mwili hutengeneza na kutunza sukari yake wenyewe, hata mtu akifunga mchana kutwa, yana mizizi kwenye neli iliyogeuka nyekundu mahali ambapo haikutarajiwa.

Lakini neli ikigeuka nyekundu mahali ambapo haikutarajiwa, si lazima iwe na habari njema. Mwaka 1859 Carl Boedeker, Mjerumani, alipima mkojo wa mgonjwa, shaba ikageuka. Kisukari? Jambo halikukaa sawa. Mkojo huo ulikuwa mweusi ukitiwa alkali, na kipimo kingine cha sukari kinachotumia madini ya bismathi kilikataa. Ndani hamkuwa na sukari, mlikuwa na kitu kingine kinachotoa elektroni. Akakiita alkaptoni, na ugonjwa wenyewe ukapewa jina alkaptonuria. Kwa hiyo tangu mapema watu makini walijua: shaba inauliza "nani ana elektroni za kunipa?" na yeyote anaweza kujibu. Asidi ya yuriki iliyomo kwenye mkojo wa kila mmoja wetu inaweza kuijibu Fehling. Klorofomu iliyokuwa ikitiwa kwenye mkojo usioze nayo inaijibu. Sukari ya maziwa kwenye mkojo wa mama anayenyonyesha inajibu, na mama huyo hana ugonjwa wowote.

Hapa ndipo anapoingia Stanley Benedict, Mmarekani aliyezaliwa Cincinnati mwaka 1884. Kati ya 1908 na 1909, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu (wenzangu wa shahada za uzamili, tujipe moyo), alichapisha kitendanishi chake. Mabadiliko aliyofanya yanaonekana madogo. Badala ya soda kali iliyokuwa ikiharibu sehemu ya sukari yenyewe kabla haijafika kwa shaba, akaweka kaboneti ya sodiamu, ndugu wa karibu wa magadi yanayovunwa Ziwa Magadi. Badala ya tartrati akaweka sitrati, chumvi ya ile asidi iliyomo kwenye limau. Matokeo yake ni kwamba kipimo kilishika hata sukari kidogo, kilidanganywa kwa urahisi mdogo na asidi ya yuriki, na klorofomu hakikuijali. Isitoshe, myeyusho wa Fehling lazima utunzwe kwenye chupa mbili na kuchanganywa wakati wa kupima, maana ukishachanganywa haukai. Wa Benedict unakaa kwenye chupa moja, hauharibiki. Ukitaka kujua kwa nini shule yako ilikuwa na Benedict na siyo Fehling, ni hiyo chupa moja.

Chupa hiyo ilitoka maabara ikaingia jikoni. Mwaka 1922 insulini ilianza kutumika kwa wagonjwa kule Toronto, na ghafla kisukari kikawa ugonjwa wa kuishi nao. Ila anayejichoma insulini anahitaji kujua hali yake kila siku, na hakukuwa na namna ya kupima damu nyumbani. Basi wagonjwa walifundishwa kuchemsha: mililita 5 za Benedict, matone 8 ya mkojo, moto. Bluu, mambo mazuri. Tofali, kuna tatizo. Kipimo kilikuwa na upofu wake, kwa kuwa figo haziachii sukari mpaka ile ya damu ipite kama milimoli 10 kwa lita, tena mkojo hueleza yaliyopita saa kadhaa nyuma. Hata hivyo ndicho kilichokuwepo, na kiliwatunza watu wengi.

Na wapo kilichowaumiza. Mwaka 1892 Ernst Salkowski na mwenzake Jastrowitz, Wajerumani, walikuwa wameeleza mkojo unaogeuza shaba lakini hauchachuki kwa hamira. Ndani yake mlikuwa na sukari ya kaboni tano, ambayo si glukosi. Hali hiyo inaitwa pentosuria, mtu huzaliwa nayo, haimdhuru kabisa. Daktari Archibald Garrod aliihesabu pamoja na alkaptonuria kati ya hitilafu nne za kuzaliwa nazo alizozifundisha London mwaka 1908. Sasa fikiria mtu mwenye pentosuria, mzima wa afya, anakwenda kupimwa miaka ya 1920 au 1930. Neli inakuwa nyekundu. Daktari ana neli ile tu na ana haraka. Mtu huyo anaambiwa ana kisukari, anaandikiwa mlo mkali wa maisha. Wengine walipewa insulini. Insulini kwa mtu ambaye sukari yake ya damu iko sawa inaishusha chini ya kawaida: kutetemeka, jasho, kuzimia, na ikizidi, kifo.

Mwanamke mmoja alilishughulikia hili kwa miaka mingi. Margaret Lasker alikuwa mkemia wa hospitali jijini New York, na mwaka 1933 yeye na daktari Morris Enklewitz walichapisha ujanja ambao ukiusoma unajiuliza kwa nini hukuufikiria wewe. Sukari ya pentosuria, zailulosi, ina haraka kuliko glukosi. Kwa hiyo usichemshe! Weka neli ya Benedict kwenye maji ya nyuzijoto 55 kwa dakika 10. Zailulosi itageuza shaba, glukosi itakuwa bado imelala. Kitendanishi kilekile, chupa ileile, moto mdogo tu. Lasker akaanza kukusanya familia zenye hali hii, nyingi zikiwa za Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki, akaandikiana nao barua, akafuatilia maisha yao. Alionyesha kwamba hawafi mapema kuliko wengine. Kumbukumbu alizoziacha zilikuja kutumika baada yake: mwaka 2011 watafiti wa Seattle, Mary-Claire King akiwa mmojawapo, walirudi kwenye familia hizo wakapata jeni yenyewe iliyo na hitilafu, DCXR. Zaidi ya miaka mia moja tangu Garrod.

Kiwanda nacho hakikulala. Mwaka 1941 kampuni ya Miles ya Marekani, wale wa Alka-Seltzer, ilitoa Clinitest: shaba, soda kali na asidi ya limau ndani ya kidonge kimoja. Unakidondosha kwenye matone ya mkojo, kinachemka chenyewe bila moto kwa joto la soda inayoyeyuka. Kizuri sana, isipokuwa kilifanana na kidonge cha kumeza, na waliokimeza waliungua umio. Mwaka 1956 Helen na Alfred Free, mke na mume katika kampuni hiyohiyo, wakatoa kijiti cha karatasi chenye kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidesi. Kimeng'enya hiki hakiulizi habari za elektroni kwa ujumla. Kinashika glukosi, kinaziacha nyingine. Zailulosi haikisumbui. Vitamini C huvichezea vyote viwili: shaba inaifanya iseme ndiyo, kijiti inakifanya kiseme hapana. (Ile juisi yangu ya chungwa kidato cha tatu, sehemu ya rangi ilikuwa ya vitamini C. Hilo nalo hatukuambiwa.)

Ungedhani hapo shaba ingestaafu. Haikustaafu, na sababu ni watoto wachanga. Kuna mtoto mmoja mmoja anayezaliwa bila kimeng'enya cha kushughulikia galaktosi, nusu ya sukari ya maziwa. Ananyonya vizuri, kisha ndani ya siku chache anatapika, anakuwa manjano, ini linavimba. Asipotambuliwa anaweza kufa, au kupata mtoto wa jicho na akili kudumaa. Tiba ya kwanza ni kuacha maziwa, hata ya mama. Sasa mpime mkojo kwa kijiti cha kisasa: kinasema hakuna kitu, kwa kuwa galaktosi si glukosi na kijiti kimefundishwa kutoiona. Mpime kwa shaba, na shaba, ambayo haichagui, inageuka.

Kwa hiyo kwa miongo mingi hospitali za watoto zilipima mara mbili, kijiti na shaba, na zilichokuwa zikitafuta ni ugomvi kati yao. Kijiti kikikataa na shaba ikikubali, maziwa yalisimamishwa wakati majibu ya damu yakisubiriwa. Siku hizi nchi nyingi tajiri hupima tone la damu la kila mtoto anapozaliwa. Pale ambapo hakuna huduma hiyo, kitendanishi chenyewe ni hiki: mrututu gramu 17.3, sitrati ya sodiamu gramu 173, kaboneti ya sodiamu gramu 100, maji mpaka lita moja. Maabara ya sekondari yenye mizani inaweza kukichanganya asubuhi moja.